Chale za uso na pengo la meno: Alama ya fahari inapogeuka kuwa aibu

Katika Bandari ya Juba, ukingoni mwa Mto Nile Mweupe, matishari na boti zitokazo Bor na Malakal hushusha mizigo pamoja na watu ambao asili yao inaweza kusomwa usoni. Mistari sita iliyolala sambamba juu ya paji la uso humtambulisha Mnuer. Nukta zilizotuna, zikapangwa kama shanga juu ya nyusi, ni za Mshilluk. Baadhi ya Wadinka na Wamundari wana mistari inayokutana katikati ya paji kwa umbo la V. Na miongoni mwa wazee, kicheko hufichua alama nyingine: pengo la meno ya mbele ya chini.

Kwa vizazi vingi alama hizo zilikuwa cheti cha heshima. Leo, kwa wengi waliopitia kambi za wakimbizi na miji ya ugenini, zimekuwa sababu ya kuinamisha uso au kufunika mdomo kwa kiganja wanapocheka.

Ili kuielewa aibu hiyo, ni lazima kwanza kuielewa fahari iliyoitangulia. Miongoni mwa Wanuer, kijana hulazwa chali na kukatwa kwa wembe mistari sita, desturi iitwayo gaar. Hatakiwi kulia wala kutikisika. Akijitingisha, mstari hupinda, na upinde huo utaonwa na kila mtu maisha yake yote. Akivumilia, huhesabiwa mwanamume: haruhusiwi tena kukamua ng'ombe, kazi ya wanawake na watoto, na hupewa fahali ambaye jina lake la sifa huambatana naye. Meno yalitangulia. Mtoto wa Kinuer au wa Kidinka aling'olewa meno ya mbele ya chini bila ganzi, angali mdogo, mara tu meno ya utu uzima yalipoota. Wengine husema ni urembo. Wengine husema ni njia ya kumlisha mgonjwa wa pepopunda ambaye taya zake zimebana.

Kisha vikaja vita na safari ndefu. Maelfu ya Wasudan Kusini walikulia Kakuma nchini Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, au katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, ambako ndiko wengi walikojifunza Kiswahili. Wengine walihamishiwa Australia na Marekani. Huko, pengo ambalo kijijini lilikuwa uzuri lilionekana kuwa dalili ya umaskini au uchafu wa kinywa. Kuna na tatizo la matamshi: sauti zinazohitaji ulimi kugusa meno hutoka kwa shida, na mtu anayejifunza lugha mpya hujikuta akirudia neno moja mara tatu mbele ya mwajiri. Anayechekwa kwa namna hiyo huanza kunyamaza, na ukimya huo wenyeji huuchukua kuwa kiburi au ujinga.

Lakini aibu hii ina pande mbili, na upande wa pili hauzungumzwi sana. Kijana aliyerudi kutoka Kakuma au Kampala akiwa na paji safi anaweza kuitwa dhol, yaani mvulana, hata akiwa na shahada na watoto. Mwanaanthropolojia wa Marekani Sharon Hutchinson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanuer katika miaka ya 1980, aliandika kwamba wasomi wasiochanjwa walipewa jina la mzaha lililounganisha fahali na mvulana: wakubwa kwa cheo, watoto kwa uso. Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuona haya, mmoja kwa kuwa na chale, mwingine kwa kuzikosa.

Mwezi Desemba mwaka 2013 jambo hili lilivuka mipaka ya haya. Mapigano yalipozuka Juba tarehe 15, wanaume wa Kinuer walisakwa na kuuawa, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika jinsi watu walivyotambuliwa kwa lugha na kwa chale zao. Kwa walionusurika, kioo kinaweza kukumbusha mambo mazito kuliko urembo. Mtu wa aina hiyo anapoambiwa tu "jipende ulivyo", neno hilo ni jepesi mno. Anahitaji pia usalama na mtu wa kumsikiliza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 inamlinda mtoto dhidi ya kuchanjwa chale na kung'olewa meno, ingawa desturi haijatoweka. Sababu za kiafya zipo wazi: wembe mmoja ukitumiwa kwa vijana wengi huweza kusambaza virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na jeraha huweza kuingiza pepopunda.

Je, mwenye alama tayari afanye nini? Chale nzito hazifutiki kabisa; upasuaji hubadilisha tu sura ya kovu. Meno yana nafuu zaidi. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu kwa bei. Ya kudumu hushikiliwa na skrubu ya titani inayopandikizwa katika taya, ambayo huchukua miezi kadhaa kushikana na mfupa. Kwa kuwa mfupa hupungua pale meno yalipokosekana kwa miaka mingi, daktari hulazimika kwanza kupima unene wake. Katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, lenye jamii kubwa ya Wanuer, wapo waliowekewa meno ya aina hiyo.

Kuziba pengo si lazima kuwe ni kujikataa, kama vile kuliacha si lazima kuwe ni ushamba. Tofauti ipo katika nani aliyeamua. Mtoto aliyeshikwa mikono na miguu hakuulizwa. Mtu mzima aliye mbele ya daktari anaulizwa, labda kwa mara ya kwanza, mdomo wake anautaka uweje.

Wako wanaume wanaozitazama chale zao kwa fahari na bado wasikubali wembe uguse paji la mtoto wao. Mtoto huyo naye hupitisha kidole juu ya mistari ya baba yake, akaihesabu hadi sita, kisha akauliza kama iliuma.