Romu ya Kuaminika Hujulikana kwa Saini Yake

Je, wajua kwamba simu ya Android iliyoachwa na kampuni yake inaweza kuendelea kupata masasisho kwa miaka kadhaa? Kazi hiyo hufanywa na romu, yaani toleo la Android linalotengenezwa na watu wengine na kuwekwa mahali pa lile la kampuni, na maarufu zaidi ni LineageOS, iliyozaliwa Desemba 2016 baada ya kampuni ya Cyanogen kufunga huduma za CyanogenMod, mradi ulioanzishwa na Steve Kondik mwaka 2009.

Watu huchagua romu kwa sura yake. Mimi ningetazama kwanza nani anaitunza kwa ajili ya modeli yangu hasa. Simu mbili zinaweza kuuzwa kwa jina moja huku chipu zake ni tofauti kabisa, na romu ya moja ukiitia kwenye nyingine huenda isiwake tena.

Kisha kuna saini, jambo ambalo wengi hawalijui. Kila romu hutiwa saini ya kidijitali kwa funguo ambazo mtengenezaji anapaswa kuzificha. Lakini msimbo wa Android ulio wazi kwa wote huja na funguo za majaribio, na yeyote anaweza kuzipakua. Wapo watengenezaji wanaotumia hizo hizo. Hapo mhalifu akiunda programu yake, akaitia saini hiyo, nawe ukaisakinisha, simu inaweza kuipa mamlaka ya mfumo wenyewe. Ukikuta maneno "test-keys" kwenye maelezo ya toleo, achana nalo.

Uzito wa jambo hili ulionekana Mei 2020, wadukuzi walipoingia kwenye seva za LineageOS kupitia kasoro ya programu iitwayo Salt. Funguo za saini zilikuwa zimehifadhiwa mbali na seva hizo, hivyo hazikuguswa, na mradi wenyewe ulitangaza yaliyotokea. Uaminifu wa namna hiyo nauthamini kuliko madoido yoyote.

Tarehe ya kiraka cha usalama nayo isikudanganye. LineageOS huonyesha tarehe mbili: ya Android, na ya sehemu zinazotoka kwa kampuni ya simu. Kampuni ikishaacha kutoa masasisho, hiyo ya pili husimama, na programu ya modemu hubaki na kasoro zake zilezile.

Ili kuweka romu, kwanza hufunguliwa butiloda, programu inayoiamsha simu. Kuifungua hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, kwa hiyo hifadhi picha zako kwingine kabla hujaanza. Kwa simu nyingi butiloda hubaki wazi baada ya hapo. GrapheneOS, romu ya simu za Pixel, hukuruhusu kuifunga tena. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye romu. Menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini haijali romu, kwa hiyo pesa utaendelea kutuma kama kawaida.