CEREA: chama kidogo cha Kivu yetu

Sisi wa mwaka wa sita tulipotaja CEREA mu lesoni ya historia, wengi walidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni chama cha siasa, tena kilizaliwa hapa karibu, ku Bukavu, mwaka wa 1958. Jina lake lote ni Centre de Regroupement Africain. Anicet Kashamura, mtu wa Idjwi, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Pamoja naye kulikuwa Jean-Chrysostome Weregemere na Jean Miruho.

Vyama vingi vya wakati ule vilikuwa vya kabila moja. CEREA ilitaka kukusanya watu wa Kivu wote, na Kivu ile ilikuwa kubwa: Maniema pia ilikuwa ndani. Ilikataa ubaguzi wa rangi na ilidai haki za mwenyeji mbele ya wakoloni waliotwaa mashamba.

Mu Mei 1960 watu walipiga kura. (Wanaume tu, mama zetu hawakuruhusiwa.) CEREA ilikuwa ya kwanza katika Kivu, lakini kwa inchi nzima ilipata viti 10 tu kati ya 137. Basi viti 10 vina kazi gani? Tuhesabu pamoja. Ili kutawala ulihitaji viti 69. Chama cha Lumumba, ambacho kilikuwa cha kwanza, hakikufika hata 50. Njo maana Lumumba alilazimika kubembeleza vyama vidogo, na mu serikali yake ya Juni 1960 Kashamura alikuwa ministri wa habari. Sheria ya 19 Mei 1960 ilipa kila jimbo bunge na serikali yake, kwa hiyo Bukavu nayo ilikuwa na serikali, na Miruho akawa presida wa jimbo.

Hapo ndipo chama kilipasuka. Mwaka ule ule wa 1960 Weregemere alikuwa na upande wake, Kashamura alibaki na Lumumba. Kwa maoni yetu, kupasuka huko kuliumiza CEREA kuliko adui wa inje. Kisha Kasavubu alimfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba. Mu Desemba askari kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, walifika Bukavu, wakamkamata Miruho na kumpeleka kwao. Kashamura akashika jimbo mwanzo wa 1961, lakini kwa majuma machache tu, maana fujo ilizidi.

Mobutu alipotwaa mamlaka tarehe 24 Novemba 1965, kazi ya vyama ilisimamishwa. Mu 1967 MPR ikazaliwa, na nyuma yake hakuna chama kingine kilichoruhusiwa kwa miaka mingi. Kashamura alikuwa tayari ameandika kitabu juu ya mambo hayo, De Lumumba aux colonels, cha 1966.

Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa mtu mzima mu 1960, mumuulize alipigia nani kura. Majibu mtuletee, tutayaandika hapa.