Ni Kambale Yupi?

Kijana aliye masomoni ughaibuni amwandikia baba yake, na juu ya bahasha aweka maneno mawili tu: "Kambale, Vuhovi". Je, ni Kambale yupi? Kwa desturi ya Wanande, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Karibu kila nyumba inaye! Barua ya ugonjwa au ya karo yaweza kufunguliwa na asiyehusika.

Basi tuandike majina yote, pamoja na lile la ubatizo. Chini yake tutie sanduku la posta la parokia, shule au kazi, kisha mji. Mstari wa mwisho ni nchi, kwa herufi kubwa na kwa jina lake kamili, kwa maana Kongo ni mbili: ya Kinshasa na ya Brazzaville. Nyuma ya bahasha tuandike anwani yetu wenyewe, ili barua isiyompata mwenyewe iturudie.

Tukumbuke gharama pia. Posta hutoza kwa uzito. Kwa barua ya ng'ambo, kipimo cha kwanza kwa kawaida ni gramu 20. Ikizidi kidogo tu, hulipiwa kipimo kifuatacho. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 5 hivi. Mbili ndani ya bahasha nyepesi hazizidi. Tuandike pande zote mbili, wala tusitie sarafu ndani.

Anayetaka barua yake ifike, amsaidie kwanza mwenye kuipeleka.