Birika la Kuni la Safarini: Kikundi Kichague Vipi?

Kuna vikundi ambavyo kazi yao haiishii nyumbani. Kuna vijana wanaowaongoza wageni mlimani, warina asali wanaolala msituni, wachungaji wanaofuata malisho, na wale wanaokwenda hija kwa miguu siku mbili au tatu. Jioni ikiingia wote wana swali moja: maji ya moto yatatoka wapi?

Mafiga matatu na sufuria tunayajua. Yanafanya kazi, lakini njiani yana shida zake. Upepo ukivuma, moto unakwenda upande na sufuria inabaki baridi. Kuni ndogo haziwezi, lazima kutafuta kuni nene. Watu wamechoka, hawana nguvu ya kungoja. Mwisho wake ni nini? Wanakunywa maji ya mto hivyo hivyo, na wiki mbili baadaye mtu yuko zahanati na homa ya matumbo, yaani taifodi. Kwa hivyo chombo cha kuchemshia maji upesi si anasa ya watalii. Ni afya ya watu.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza habari ya birika moja la kuni linaloweza kubebwa mgongoni, na jinsi kikundi kinavyoweza kulichagua bila kutupa pesa za wanachama.

Birika hili ni la namna gani?

Kwa nje linafanana na chupa kubwa ya bati. Lakini ndani, katikati, kuna bomba la moshi lililo wazi toka chini hadi juu. Maji hukaa pande zote kulizunguka bomba hilo. Chini kuna kibakuli chenye tundu ubavuni, na humo ndimo moto unapowashwa. Moto unapanda ndani ya bomba, na maji yanapata joto kutoka ubavu wote, si kutoka chini peke yake kama kwenye sufuria. Tena upepo hauudhuru moto. Ukiligeuza lile tundu liutazame upepo, moto unazidi kuwaka.

Ndiyo sababu vijiti vyembamba kama penseli vinatosha. Kuni zikiwa kavu, lita moja huchemka kwa dakika tano hivi, na kinachochomwa ni konzi mbili tatu tu za vijiti. Magunzi ya mahindi yaliyovunjwa, maganda ya miti na mavi makavu ya ng'ombe pia yanafaa.

Si jambo geni duniani. Wavuvi wa Kaunti ya Mayo, nchini Ireland, wamelitumia kwa miaka mingi kandokando ya maziwa yao. Kule New Zealand, John Ashley Hart alitengeneza la kwake mwaka 1929, na katika Vita Vikuu vya Pili askari wa nchi hiyo walilichukua hadi jangwa la Afrika ya Kaskazini. Hata sisi tuna ndugu yake wa mbali: wauza kahawa wa Mombasa na Lamu hutembea na dele lenye makaa chini yake, kahawa isipoe. Hekima ni moja, moto ukae karibu na maji.

Kwanza pimeni kazi, halafu ukubwa

Makosa huanza dukani, pale mtu anapochukua kubwa kwa sababu "linatosha wote", au dogo kwa sababu ni la bei nafuu. Anzeni na hesabu. Kikombe cha kawaida ni robo lita. Mabirika haya huuzwa kwa ukubwa wa kutoka nusu lita hivi hadi lita moja na nusu hivi. Basi:

– La nusu lita ni vikombe viwili. Linamfaa mtu mmoja au wawili.
– La lita moja na kidogo ni vikombe vinne. Linafaa watu watatu au wanne.
– La lita moja na nusu ni vikombe sita. Linafaa kikundi kidogo kinachopiga kambi mahali pamoja.

Sasa tuseme mko sita. Chai ya mara moja ni lita moja na nusu, na birika kubwa linaitosha. Lakini maji ya kunywa ni jambo lingine. Kila mtu akinywa lita mbili kwa siku, ni lita 12, ambayo ni kuchemsha mara nane, na baada ya hapo mngoje yapoe. Hakuna atakayevumilia hayo kila siku. Kwa hivyo msinunue birika mkidhani litamaliza shida yote ya maji. Bebeni pia dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa, na birika liwe la chai, la maji ya mgonjwa, na la siku dawa imekwisha.

Kumbukeni pia nafasi. Kwa sababu ya lile bomba, birika ni nene kuliko maji linayobeba. Lililo zuri lina kibakuli cha moto kinachoingia ndani ya kitako chake wakati wa kufunga mzigo. Jaribuni hapo hapo dukani. Wazo zuri ni kujaza vijiti vikavu ndani ya bomba kabla ya kuondoka. Mvua ikiwakuta, kuni za kwanza mnazo.

Alumini au chuma kisichoshika kutu?

Alumini ni nyepesi na bei yake huwa chini. Inamfaa anayetembea mwendo mrefu. Ubaya wake ni kwamba hubonyea upesi ikianguka. Chuma kisichoshika kutu, wengine huita stenlesi, ni kizito zaidi lakini kinavumilia mikono mingi. Kwa birika la kikundi, linaloazimwa na huyu leo na yule kesho, sisi tunaona stenlesi ndiyo afadhali, ingawa bei inauma siku ya kwanza. Kwa mtu mmoja mwenye kulitunza, alumini inatosha.

Je, fundi wa jua kali hawezi kutuundia? Anaweza, na kazi ya mafundi wetu tunaiheshimu. Majiko mengi mazuri tunayotumia yanatoka mikononi mwao. Lakini hapa kuna hatari mbili ambazo lazima mmwambie waziwazi. Kwanza, asiunganishe kwa risasi ya kulehemu. Risasi ni sumu, huingia ndani ya maji polepole, na inadhuru akili za watoto. Pili, asitumie mabati ya kuezekea wala madebe ya rangi au ya dawa za shamba. Kama hana alumini safi au stenlesi, na hana njia ya kuunga bila risasi, heri kungoja.

Yakagueni haya kabla ya kulipa

1. Viungo. Jazeni maji, liwekeni juu ya gazeti kavu usiku kucha. Gazeti likilowa, msilichukue. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa birika jipya mwachieni mwenye duka.

2. Mpini. Uwe wa waya mgumu, uweze kusimama upande bila kupita juu ya bomba. Sehemu ya kushika iwe na mti.

3. Mnyororo. Mabirika mazuri yana mnyororo mdogo upande wa chini. Unashika mpini kwa mkono mmoja, unavuta mnyororo kwa mwingine, na maji yanamiminika bila kuugusa ubavu wa moto.

4. Mdomo. Uwe mpana kiasi cha kuona ndani na kumimina maji bila kumwaga.

5. Kizibo. Hapa tusikilizane vizuri. Kizibo ni cha kuzuia maji yasimwagike mkiwa mwendoni, basi. Moto ukiwa umewashwa, kizibo lazima kiwe nje. Mvuke ukikosa njia, birika linaweza kupasuka na kuwamwagia waliokaa karibu maji yanayochemka. Lililo na kizibo kilichofungwa kwa kamba ni zuri, ila hakikisheni kila mwanachama anajua kazi yake. Hata mtoto aliyetumwa kuchota maji.

Namna ya kulitumia

Fyekeni majani makavu, wekeni kibakuli juu ya mawe au udongo mtupu. Jazeni maji kwanza, mbaki na vidole viwili kutoka mdomoni, kwa maana yakijaa sana yatatapika. Msiliweke motoni likiwa tupu hata dakika moja, kwa sababu viungo vitaungua. Washeni moto kibakulini, wekeni birika juu yake, na muongeze vijiti kwa kuvidondosha kutoka juu ndani ya bomba. Msiinamishe uso hapo juu, ndimi za moto hutokea huko. Wakati wa kulitoa, shikeni mpini ukiwa umelala upande. Msipitishe mkono juu ya bomba.

Msiliwashe ndani ya hema hata mvua ikinyesha namna gani. Moshi wa moto mdogo una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Msichome plastiki wala matawi ya mnyaa, utomvu na moshi wake huumiza macho.

Jambo lingine ambalo watu wa kwetu watalipenda kidogo: ndani ya birika hili hakuna kupika chai ya maziwa. Maziwa yataungua kwenye lile bomba, na hakuna mkono utakaofika kusugua. Uji ni vivyo hivyo. Chemsheni maji matupu, mpike strungi kwenye kikombe, na atakaye maziwa aweke ya unga.

Maji yamechemka lini?

Kuona mvuke hakutoshi. Maji yawe yanatokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda, kwa dakika moja kamili. Mkiwa juu ya mita 2,000, yaacheni dakika tatu. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Nairobi yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, na mkifika mita 3,000 ni kama nyuzi 90. Moto wa birika hili huzimika upesi, kwa hivyo awepo mtu wa kudondosha vijiti hadi dakika zitimie. Maji ya matope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi.

Lakini kuchemsha hakuondoi kila kitu. Baadhi ya maji ya visima vya Bonde la Ufa, kama pande za Nakuru na Naivasha, yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Hiyo haitoki kwa moto.

Pale lisipofaa

Tuseme ukweli, si kila safari inahitaji birika hili. Safari ya asubuhi mpaka jioni, chupa ya chai inatosha. Kambi ya watu ishirini, sufuria kubwa na jiko ndiyo kazi. Ndani ya hifadhi za taifa, msiokote kuni bila ruhusa. Ulizeni langoni kabla ya kuwasha moto wowote. Na juu kabisa ya Mlima Kenya, misitu ikishakwisha, mimea iliyopo hukua polepole sana. Kijiti mnachokivunja kwa kikombe kimoja cha chai kimechukua miaka kuota. Huko bebeni jiko dogo la gesi.

Pesa ni za kikundi

Mkishaamua kununua, andikeni katika kitabu cha kumbukumbu: ni la nani, linakaa kwa nani, anayeliazima analirudisha lini na katika hali gani. Atakayelirudisha asugue masizi, alikaushe ndani, na aliache wazi. Birika moja linalotunzwa lina faida kuliko matatu yenye kutoboka.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Tunapokwenda safari, tunakunywa maji ya wapi? Ni nani aliyeugua mara ya mwisho, na tunafikiri kwa nini?
2. Tunahitaji vikombe vingapi kila tunaposimama? Ni nani atakayebeba mzigo huo?
3. Njia yetu ina vijiti vikavu vya kuokotwa, na tunaruhusiwa kuviokota?
4. Kama tukinunua, ni nani atakayewafundisha wengine habari ya kizibo kabla ya safari ya kwanza?

Mkijibu haya manne kwa pamoja, mtajua kama ni la kununua, na ni la ukubwa gani.