Kaboni ya Ziwa Kivu na Sura Zake Mbili

Jedwali la elementi linalobandikwa ukutani darasani huzoesha wengi kuipa kila elementi tabia moja: oksijeni ya kupumua, klorini ya kuua vijidudu, kaboni ya makaa. Mazoea hayo humsaidia mwanafunzi kwenye mtihani, lakini hayatoshi kwa mtu anayeishi wilaya ya Rubavu nchini Rwanda. Mto Sebeya unaopita Nyundo, wilayani humo, humwaga maji yake Ziwa Kivu, na katika vilindi vya ziwa hilo kaboni imo kwa wingi katika gesi mbili zenye tabia zinazopingana: methani, ambayo huwaka, na kaboni dayoksaidi, ambayo huzima moto. Ninachoshikilia ni kwamba elementi haina wema wala ubaya wake yenyewe. Tabia yake huamuliwa na kile ilichoungana nacho, na uamuzi wowote wa busara kuhusu ziwa hili sharti uanzie hapo.

Atomu moja ya kaboni hufunga vifungo vinne. Vikishikwa na atomu nne za haidrojeni, tunapata methani, nishati iliyo tayari, kwa sababu kaboni na haidrojeni zote mbili bado zinaweza kuungana na oksijeni na kutoa joto. Vikishikwa na oksijeni mbili, kuungua kumeshafanyika na hakuna kilichobaki cha kuwaka. Uzito nao hutofautiana. Methani ina karibu nusu ya uzito wa hewa, hivyo hupaa. Kaboni dayoksaidi huizidi hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hutuama mabondeni. Ndiyo mazuku wanayoyaogopa watu wa Goma na Gisenyi: gesi inayotoka ardhini, haina rangi, na huua mbuzi, mbwa na hata watoto walioingia kwenye shimo ambamo upepo haufiki.

Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na maji yake ya chini, yenye chumvi nyingi, ni mazito mno kuchanganyika na ya juu. Humo, chini ya shinikizo kubwa, inakadiriwa kumeyeyuka kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi, nyingi ikitokana na volkeno, na 60 za methani. Sehemu kubwa ya methani hiyo imetengenezwa kutoka kaboni dayoksaidi hiyohiyo na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Wahandisi nao huzitenganisha kwa kutegemea tofauti ya tabia. Bomba likishushwa na maji yakaanza kupanda, shinikizo hupungua, mapovu hutoka na kuyasukuma maji juu yenyewe. Kisha gesi huoshwa kwa maji: kaboni dayoksaidi, inayoyeyuka kwa urahisi zaidi, huondoka na maji, na methani hubaki. Tangu mwaka 1963, mtambo mdogo wa Rubona ulikipatia nishati kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mwaka 2016 mradi wa KivuWatt ulizinduliwa Karongi, wenye uwezo wa megawati 26.

Wapo wanaouliza: methani ikichomwa si huwa kaboni dayoksaidi, gesi inayoipasha dunia joto? Ni kweli, na asiyekubali hilo anajidanganya. Hata hivyo, kwa kiasi kilekile cha nishati, methani hutoa kaboni dayoksaidi kidogo kuliko dizeli au makaa ya mawe. Isitoshe, ikiponyoka bila kuchomwa, uzito uleule wake hupasha joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi katika muda wa miaka 100. Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kulichokonoa ziwa si kulialika janga? Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifoka kaboni dayoksaidi na kuua watu wapatao 1,700, nalo ni dogo sana mbele ya Kivu. Lakini kuliacha Kivu lilivyo hakuondoi hatari hiyo, maana gesi haiondoki kwa kuogopwa. Kuivuna kwa utaratibu hupunguza shehena ya vilindini, mradi maji yaliyokamuliwa gesi yarudishwe kwenye kina kisichovuruga matabaka.

Kwa hiyo mwananchi wa Rubavu anapoelezwa kuhusu mtambo mpya, kujua idadi ya megawati hakutoshi. Aulize maji yatarudishwa kina gani, kaboni dayoksaidi iliyooshwa itaishia wapi, na nani atapima ziwa mwaka hadi mwaka. Maswali hayo ni ya kikemia, na shule za Nyundo zina kila sababu ya kuyafundisha pamoja na lile jedwali la ukutani, kwa kuwa majibu yake ndiyo yatakayoamua kama kaboni ya Kivu itawasha taa au itahatarisha maisha ya mamilioni wanaolizunguka.