Je, Wajua? Maajabu ya Kichanga Uliyempakata

Je, wajua kwamba kichanga huzaliwa na mifupa karibu 300, ilhali wewe unayesoma hapa unayo 206 tu? Usiitafute iliyopungua. Iliungana yenyewe kwa yenyewe ulipokuwa unakua.

Na pale utosini panapodundadunda, wajua pana kazi gani? Fuvu limeachiwa mwanya ili libonyee wakati wa kuzaliwa, kisha ubongo upate nafasi ya kutanuka. Mtoto akifikisha mwaka mmoja na nusu hivi, kwa kawaida pameshajifunga.

Ubongo wenyewe sasa, hebu shika hii: katika miaka ya mwanzo hufunga miunganiko mipya ya seli zaidi ya 1,000,000 kila sekunde. Kila sekunde, ndugu yangu!

Kichanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu. Chukua rula upime kutoka ziwani hadi usoni kwa mama anayenyonyesha. Umeona? Ni humo humo.

Masikio ndiyo usiseme, maana yalianza kazi tangu tumboni. Mwaka 1980 watafiti Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto ambao hata siku tatu hawajatimiza chuchu ya mpira: ukinyonya hivi unamsikia mama yako, ukinyonya vile unamsikia mwanamke mwingine. Wengi wakabadili mnyonyo wampate mama!

Hata kulia wana lafudhi. Mwaka 2009 vilisikilizwa vilio vya vichanga 60, nusu wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani, wenye siku chache tu duniani. Wa Kifaransa walipandisha sauti, wa Kijerumani wakaishusha, sawasawa na wazazi wao wanavyozungumza.

Mtoto wa miezi 6 anakushinda kwa jambo hili: mwonyeshe picha za kima wawili wanaofanana, naye atajua huyu si yule. Akifika miezi 9 uwezo huo umeshafifia, kwa kuwa nyumbani haoni kima, anaona watu.

Sasa sogea karibu, hii ni ya kwetu. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliishi kijijini Kokwet, Kenya, akiwatazama watoto wa Wakipsigis. Waliketi mapema kuliko wa Marekani kwa karibu mwezi mzima, na kutembea pia wakawatangulia. Wageni walikuwa wakisema ni damu tu. Super akatazama mikono ya akina mama. Mtoto wa miezi mitano au sita hivi alichimbiwa kishimo ardhini kinachomtosha makalio na kumwegemeza mgongo, akakalishwa humo kila siku. Mwingine alizungushiwa mablanketi. Na kutambaa, ambako hawakumfundisha? Huko hawakuwatangulia wenzao! Mimi hii hainichoshi hata nikiisimulia mara mia.

Na mtoto njiti? Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za joto hazikutosha, daktari Edgar Rey Sanabria akaagiza mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: njiti walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo nzima. Dawa ni kifua cha mama!

Wajua mama akinywa juisi ya karoti, ladha humfikia mtoto tumboni na kwenye maziwa? Akianza kula uji wenye karoti, hakunji uso sana kama wenzake.

Hii ichukue kwa uzito. Mtoto mdogo akimeza madini ya risasi, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 ya kiasi ambacho ungefyonza wewe, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo rangi ya zamani inayobanduka ukutani, usimwache aitie mdomoni.

Haya, nikuulize: mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara ngapi? Watafiti wa New York walihesabu, wakachapisha mwaka 2012. Wa miezi 12 hadi 19 akiachiwa acheze hupiga wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17, kwa saa moja! Leo jioni kaa mkekani umhesabie wako.