Gari za ng'ambo kama dawa ya shirika linaloumwa

Wengi wetu hapa Ghuba tumepanda Caprice na Lumina tukidhani ni gari za Kimarekani. Nembo ni ya Chevrolet, lakini kwa miaka mingi zilikuwa zikiundwa Australia na Holden, tawi la General Motors. Shirika kubwa huweza kuwa na gari inayotakiwa soko hili, nayo imeshabuniwa kwengine.

Ford ilihitaji njia hiyo. Mwaka 2006 ilipata khasara ya dola bilioni 12.7. Mwaka 2008 petroli ikapanda sana, Wamarekani wakazikimbia gari kubwa. Gari ndogo nzuri Ford ilikuwa nazo Ulaya. Mkurugenzi wake, Alan Mulally, akaamua kuleta Fiesta na Focus, kwani kubuni gari mpya hula miaka na mabilioni.

Kuleta peke yake hakutoshi. General Motors iliuza Marekani gari ya Astra iliyoundwa Ubelgiji, lakini euro ilikuwa juu na faida ikaliwa na gharama. Ford iliunda Fiesta Mexico, na kiwanda chake cha gari kubwa huko Michigan kikageuzwa kuunda Focus.

Hata hivyo, Fiesta iliingia sokoni Marekani mwaka 2010, na Focus mpya 2011. Kabla ya hapo Ford iliishi kwa mikopo ya 2006, ambayo hata nembo yake iliwekwa rehani. Dawa ilikuwepo; kazi ilikuwa kumweka mgonjwa hai mpaka imfikie.